Kansa Hii Ilitoka Upande wa Nani?

Kuna swali moja linaloulizwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi mara tu mama anapoambiwa hospitalini kwamba uvimbe ulio katika titi lake ni kansa. Huulizwa jikoni, au njiani watu wakitoka kumtazama mgonjwa: "Kwani kwao ugonjwa huu upo?" Mtu akikumbuka kwamba mama mzazi wa mgonjwa au dada yake aliwahi kuugua hivyo, basi vichwa hutikiswa na hukumu imekwisha kutolewa. Ametuletea ugonjwa.

Nawafahamu mume na mke walioishi vizuri miaka 14 na kupata watoto watatu, wawili wao wasichana. Mke alipokatwa titi, mume alifanya yote ambayo mume mwema hufanya. Alimsindikiza kliniki, aliuza ng'ombe, alijifunza kupika uji mwepesi ambao tumbo lililochoshwa na dawa lingeweza kuupokea. Kisha siku moja mama yake akasema mbele ya wageni kwamba wajukuu wake wasichana wameharibiwa damu na watu wa upande ule. Mume akanyamaza. Mpaka leo mke husema kwamba kidonda cha kisu kilipona, lakini kule kunyamaza bado kunamuuma.

Kwa hiyo natamani tulitafakari jambo hili pamoja, ninyi mliooana. Kansa ya kurithi ni nini, na yatofautianaje na kansa nyingine za matiti? Je, ni haki kumlaumu mtu kwa kitu alichozaliwa nacho? Na kama si haki kumlaumu, je, hana deni lolote kwa mwenzake na kwa watoto?

Tuanze na ukweli wenyewe, maana lawama hustawi pale ambapo ukweli haujulikani. Hapa Kenya kansa ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko kansa nyingine yoyote. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake karibu 6,800 waligunduliwa kuwa nayo katika mwaka huo mmoja, na zaidi ya 3,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wao hawakurithi kitu. Madaktari husema kwamba katika kila wagonjwa mia moja wa kansa ya matiti, ni watano hadi kumi tu walioipata kwa sababu ya jeni iliyoharibika waliyopokea kwa mzazi. Mwaka 2001 wataalamu walikusanya habari za wanawake zaidi ya 50,000 waliougua, hasa katika nchi tajiri, wakaona kwamba wanane kati ya kila tisa hawakuwa na mama, wala dada, wala binti aliyepata ugonjwa huo.

Kwa Waafrika huenda hesabu ya kurithi ikawa juu kidogo. Nchini Nigeria wanawake 1,136 wenye kansa ya matiti walipimwa damu, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018: karibu mmoja kati ya kila wanane alikuwa amerithi jeni iliyoharibika. Hiyo si hesabu ya kudharau. Lakini hata hapo, saba kati ya wanane hawakuwa nayo. Kansa yao ilitokana na uharibifu uliokusanyika pole pole mwilini baada ya kuzaliwa: umri kusonga, homoni za mwili, pombe, unene baada ya hedhi kukoma, na mengine ambayo hayana jina. Haikuletwa na chira wala thahu. Haikuletwa pia na pesa au simu iliyowekwa katika sidiria, ingawa maneno hayo nayasikia kila mahali, hata kwa watu waliosoma.

Basi mtu anayeuliza "ilitoka upande wa nani?" mara nyingi anauliza swali lisilo na jibu, kwa kuwa haikutoka upande wowote.

Sasa tuje kwa wale wachache walioirithi kweli. Kila mtu, mwanamume na mwanamke, ana jeni mbili ambazo wataalamu huziita BRCA1 na BRCA2. Watu husema "fulani ana BRCA" kana kwamba ni mdudu. La, sisi sote tunazo, na ni jeni njema. Kazi yake ni kurekebisha uharibifu mdogo mdogo unaotokea ndani ya chembe za mwili kila siku. Na kila jeni tunayo nakala mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Ni kama nyumba yenye mafundi wawili wa kuziba nyufa. Aliyerithi nakala iliyoharibika amezaliwa na fundi mmoja tu katika kila chembe ya mwili wake. Nyumba haianguki kwa sababu hiyo. Fundi mmoja aweza kuitunza miaka themanini. Lakini siku akishindwa kazi katika chembe moja tu ya titi, hakuna wa kushika mahali pake, na nyufa zinaanza kuongezeka.

Kwa hiyo kinachorithiwa ni fundi aliyepungua. Ugonjwa wenyewe haurithiwi. Hesabu zilizotangazwa mwaka 2017 zinaonyesha kwamba katika wanawake mia moja wenye BRCA1 iliyoharibika, kama 72 watapata kansa ya matiti kabla ya kufikia miaka 80, na wenye BRCA2 iliyoharibika ni kama 69. Ni wengi mno, siwezi kuficha. Lakini tazameni pia wale karibu thelathini katika kila mia ambao wanazeeka na kufa kwa mambo mengine, na jeni hiyo imo ndani yao siku zote.

Hapa nawaomba akina baba msikilize vizuri. Nakala iliyoharibika hutoka kwa baba sawasawa na kwa mama. Kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipokea, kama kurusha sarafu, na kila mtoto hurushiwa sarafu yake mwenyewe. Mwanamume aweza kuwa nayo maisha yake yote asijue, kwa sababu kwake hatari ya kansa ya matiti ni ndogo. Ipo lakini: wanaume wenye BRCA2 iliyoharibika, kama saba katika mia huipata, na hatari yao ya kansa ya tezi dume huongezeka pia. Mwanamume huyo akiwa na ndugu wa kiume watupu, hakuna atakayeona dalili yoyote katika ukoo mpaka binti yake augue. Ndipo watu watakapomgeukia mama wa msichana na kumwuliza kwao kuna nini, na kumbe ilipita kimya kimya kwa baba.

Yule mama mkwe niliyemtaja hapo juu hakujua alichokuwa akisema. Huenda ilitoka upande wake, na huenda haikutoka upande wowote. Hakuna aliyepimwa.

Tena kuna koo ambazo mtoto hupewa jina la wazee. Kwa Wakikuyu, kwa mfano, msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili jina la nyanya mzaa mama. Nimesikia mama akihofia binti mmoja tu kati ya wawili, eti kwa kuwa huyo ndiye mwenye jina la nyanya aliyekufa kwa kansa. Jina halibebi jeni. Kama ipo katika ukoo, wasichana wote wawili wana nafasi ile ile, na kaka yao pia.

Je, kansa ya kurithi yatofautianaje na nyingine ikishaingia mwilini? Ukishika uvimbe kwa mkono huwezi kujua tofauti. Zote zaweza kuanza kama punje ngumu isiyouma, na hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani kisichouma hakina neno. Tofauti huonekana ukitazama mambo kadhaa pamoja. Kansa ya kurithi hupenda kuja mapema, mara nyingi kabla ya miaka 50, wakati mwingine katika miaka ya thelathini. Yaweza kuja katika titi la pili miaka kadhaa baada ya la kwanza, kwa maana kila chembe ina upungufu ule ule. Nayo haikai kwa matiti peke yake: jeni hizo hizo huleta kansa ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, ambayo hujificha tumboni na kugunduliwa kwa kuchelewa. Kwa wenye BRCA1 iliyoharibika, kama 44 katika mia huipata kansa hiyo ya ovari kabla ya miaka 80, na kwa BRCA2 ni kama 17.

Tena kansa ya BRCA1 mara nyingi ni ya aina isiyosikia homoni, hivyo vidonge vya kuzuia homoni, ambavyo huwasaidia sana wagonjwa wengine kwa miaka mingi, kwayo havifai. Lakini msifanye haraka kusema kwamba kila mama mwenye aina hiyo ameirithi. Aina hiyo huonekana kwa wanawake wengi Waafrika wasio na jeni iliyoharibika.

Sasa kuna imani kwamba kansa ya kurithi ni hukumu ya kifo, kwamba "ile ya ukoo haiponi." Imani hiyo imewafanya wengine wasiende hospitali kabisa. Madaktari wa Uingereza waliwafuatilia wanawake 2,733 walioipata kansa ya matiti wakiwa na miaka 40 au chini, wakatangaza mwaka 2018 kwamba waliorithi BRCA iliyoharibika na wasiorithi waliishi karibu sawasawa. Matibabu ya msingi ni yale yale: upasuaji, dawa za kemo, mionzi. Na kwa waliorithi kumepatikana dawa yao wenyewe, kama olaparib, inayotumia udhaifu ule ule wa fundi kuziangamiza chembe za kansa. Kwa bei ya dawa hiyo wengi wetu twaisikia tu kwa mbali. Lakini kinachoua zaidi hapa kwetu ni kuchelewa, maana wagonjwa wengi hufika kansa ikiwa imekwisha enea, na hilo huwapata waliorithi na wasiorithi bila ubaguzi.

Ikiwa basi katika mwili wa mgonjwa mambo haya mawili yafanana kiasi hicho, tofauti kubwa iko wapi? Kwa maoni yangu iko nje ya mwili wake. Kansa isiyo ya kurithi ni msiba wa mtu mmoja na wale wanaompenda. Kansa ya kurithi ni habari. Inasema jambo juu ya dada zake, kaka zake, watoto wake wa kike na wa kiume, binamu zake, watu ambao pengine hawajasikia maumivu yoyote na wana muda bado. Na habari ikiwahusu watu wengine, hapo swali la haki na wajibu linaingia nyumbani.

Kwanza lawama. Mtu hulaumiwa kwa tendo alilochagua. Hakuna aliyechagua nakala za jeni alizopewa tumboni mwa mama yake. Hata mama huyo hakuchagua, wala bibi yake. Ukitaka kumlaumu mkeo kwa hilo, itakubidi umlaumu pia kwa urefu wake na rangi ya macho yake, ambayo siku za uchumba uliisifu. Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini methali hiyo inasema juu ya tabia, na hata katika tabia mara nyingi si kweli. Mtu asiitumie juu ya damu ya mgonjwa.

Lakini lawama na wajibu ni vitu viwili. Mtu asiye na hatia yoyote aweza kuwa na wajibu mkubwa. Ukikuta daraja la kwenu limebomoka usiku na mafuriko, hukulibomoa wewe; hata hivyo ukiwa wa kwanza kuliona, ni juu yako kusimama pale na kuwazuia wanaokuja. Anayejua kwamba katika ukoo wake kuna kansa ya kurithi yuko katika hali hiyo. Na ubaya wa ile lawama ya jikoni ni kwamba inamfunga mdomo mtu huyo. Mama akijua kwamba ataitwa mleta ugonjwa, ataficha. Atamwambia binti yake kwamba alikatwa "jipu". Kwa hiyo wanaolaumu hubeba sehemu ya hatari inayompata binti huyo baadaye.

Nimewahi kupingwa juu ya hili. Mama mmoja aliniuliza: "Nimwambie binti yangu wa nini? Kipimo chenyewe hakipatikani katika zahanati yetu, na pesa za maabara kubwa hatuna. Nitampa hofu tu." Ni swali zuri, na ni kweli kwamba kipimo cha jeni bado ni cha wachache. Lakini fikirini msichana wa miaka 28 anayekwenda kliniki na uvimbe. Mara ngapi ameambiwa kwamba yeye ni mdogo mno kwa kansa, kwamba ni maziwa tu, arudi baada ya miezi sita? Msichana akiweza kusema, "Mama yangu aliugua akiwa na miaka 36, na mama yake mdogo akiwa na 41," mganga mwenye akili atasimama na kumpima sawasawa. Sentensi hiyo haigharimu shilingi moja, lakini hawezi kuisema kama hakuambiwa.

Na tukumbuke pia upande wa pili. Nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuugua nayo hudanganyika. Mama huona uvimbe akasema, "Kwetu kansa hakuna," akanywa dawa za miti miezi minane. Tumekwisha kuona kwamba wengi wanaougua ni wa nyumba kama hizo. Kusema "kwetu hakuna" hakumlindi mtu.

Habari hii basi ni ya nani? Mwili ni wa mke, na ugonjwa ni wake. Mume hana ruhusa ya kuutangaza kwa marafiki zake, wala kuupeleka kwenye mkutano wa ukoo bila idhini yake. Lakini kati yao wawili sioni mahali pa siri. Siku ya arusi mliahidiana kutoachana katika magonjwa, na mtu hawezi kusimama nawe katika jambo ambalo umemficha. Juu ya watoto, mimi naona kwamba habari ya damu ya mtoto ni mali ya mtoto pia, na wazazi ni watunzaji wake tu mpaka akue. Mtoto wa miaka kumi haongezewi kitu kwa kuambiwa asilimia. Hata madaktari hushauri kwamba jeni hizi zisipimwe kwa watoto, bali wangoje wawe watu wazima waamue wenyewe. Lakini binti aliyemaliza shule, au kijana aliyeanza kazi, aketishwe na wazazi wote wawili na aambiwe kwa utulivu. Nasema wote wawili kwa makusudi. Baba akikaa pale, binti ataelewa bila kuelezwa kwamba mama yake halaumiwi.

Akisha kuambiwa, anaweza kusema hataki kupimwa. Wako watu wazima wanaopenda kuishi bila kujua, na hiyo ni haki yao. Wajibu wa mzazi ni kumjulisha kwamba kuna jambo la kujulikana. Kumlazimisha alijue ni kuvuka mpaka.

Jambo gumu zaidi ni uchumba. Zamani, kabla ya mahari kuzungumzwa, wazee walitumwa kupeleleza ukoo wa pili: je, kuna kifafa, kuna wazimu, kuna uchawi? Desturi hiyo ilikuwa na busara na ukatili ndani yake pamoja. Ilikuwa na busara kwa kuwa ndoa huunganisha koo, na ukatili kwa kuwa msichana alikataliwa kwa uvumi juu ya shangazi aliyekufa kabla hajazaliwa. Binti anayejua kwamba ana jeni hiyo, je, amwambie mchumba? Mimi nasema amwambie, yeye mwenyewe kwa kinywa chake, kabla ya siku ya arusi kupangwa. Si siku ya kwanza ya kujuana, wala si usiku wa kuamkia harusi. Kijana akiondoka kwa sababu hiyo, ataumia sana, lakini ni afadhali aondoke wakati ule kuliko baada ya upasuaji. Naye kijana, kabla ya kuondoka, ajiulize kama amewahi kupima damu yake mwenyewe, au kuuliza shangazi zake walikufa kwa nini.

Na wako wanaouliza kama watu wa namna hiyo wasizae. Nawajibu kwa swali. Mfikirie mama aliyekufa kwa kansa akiwa na miaka 52, baada ya kulea watoto sita, kufundisha shule miaka ishirini na kuwazika wazazi wake kwa heshima. Nani kati ya watoto wake angethubutu kusema kwamba ingefaa asizaliwe? Tena nusu ya watoto hawairithi, na kati ya wanaoirithi wako wasiougua kamwe, na watakaougua huenda wakakuta dawa ambazo sisi hatukuziona.

Neno kidogo juu ya kukata matiti kabla ya ugonjwa, maana wengi walisikia habari za Angelina Jolie, mchezaji sinema wa Marekani, aliyetangaza mwaka 2013 kwamba amefanya hivyo. Mama yake alikufa mwaka 2007 akiwa na miaka 56, na yeye alipopimwa alikutwa na BRCA1 iliyoharibika. Upasuaji huo hupunguza hatari ya kansa ya matiti kwa kama asilimia 90 au zaidi. Si kila mwenye jeni huuchagua. Katika nchi zenye uwezo, wengine hukaguliwa kila mwaka kwa MRI tangu miaka 25, na mamogramu tangu 30. Kwa ovari, ambazo hazina ukaguzi wa kutegemewa, madaktari hushauri zitolewe mama akiwa na miaka 35 hadi 45, ikitegemea ni jeni ipi na kama amemaliza kuzaa. Haya ni maamuzi mazito yanayogusa mwili wa mke na uzazi wa wote wawili. Mume asitoe amri, naye asiseme "fanya utakavyo" na kurudi kwenye gazeti lake. Aende naye kwa daktari, asikie kwa masikio yake, aulize maswali. Kuna wanawake walioniambia kwamba hawakuogopa kisu, waliogopa macho ya mume baada ya kisu. Mabwana, hilo halihitaji pesa wala maabara.

Nirudi kwa mume anayenyamaza, kwani kuna mume mmoja katika historia ambaye hakunyamaza. Paul Broca alikuwa daktari mpasuaji wa Ufaransa. Mwaka 1866 aliandika juu ya ukoo mmoja ambao wanawake wengi, kizazi baada ya kizazi, walikufa kwa kansa, hasa ya matiti, na wanahistoria husema kwamba ukoo huo ulikuwa wa mke wake mwenyewe. Wakati ule hakuna aliyejua jeni ni nini. Alichofanya ni kuuliza, kuhesabu na kuandika: nani, alikufa lini, kwa kitu gani. Ilipita zaidi ya miaka mia moja hadi mwaka 1990, ambapo Mary-Claire King wa Marekani alionyesha mahali jeni ya kwanza ilipo, naye aliongozwa na orodha za namna hiyo hiyo za familia nyingi. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1994, na ya pili mwaka 1995.

Kazi ile ya Broca mwaweza kuifanya kwa daftari la shule na kalamu. Andikeni koo zote mbili, ya bwana na ya bibi, kila moja kwa ukurasa wake: wazazi, ndugu zao, nyanya na babu. Kwa kila aliyeugua kansa andikeni ni ya wapi na alikuwa na umri gani ilipogunduliwa. Umri ni muhimu kuliko idadi. Kama ilikuwa matiti yote mawili, andikeni. Mwanamume mwenye kansa ya titi, hata akiwa mmoja tu, mpigieni mstari. Mkiona upande mmoja una watu wawili au watatu, au mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50, au titi na ovari katika ukoo ule ule, mpelekeeni daktari daftari hilo. Na kama kuna uwezo wa kumpima mtu mmoja tu, huanzwa kwa yule aliyeugua, maana kipimo chake ndicho kinachoonyesha cha kutafutwa kwa wengine. Akifa bila kupimwa, kazi ya wanaobaki inakuwa ngumu zaidi.

Mtakapouliza wazee, msiulize "nani alikuwa na kansa?" Wengi wao hawakuambiwa jina hilo. Ulizeni alivimba wapi, aliugua muda gani, alikuwa ameshapata watoto wangapi. Mkiambiwa kwamba shangazi fulani "alikufa kwa tumbo", ulizeni kama tumbo lilijaa maji akakonda mikono na miguu. Huenda ilikuwa ovari. Muulizeni mzee peke yake, bila umati, na mwanzeni na upande wa bwana. Wengi wetu tutakuwa nyumbani Desemba, na wale wanaokumbuka mambo haya hawatakuwapo kila Desemba.